Filamu ya Obore

Swabur aliigeuza skrini ikaelekea ukutani, Obore asije akaona zimebaki saa ngapi.

Aibu gani hii, jamani. Yeye, fundi anayesifiwa Busia zote mbili, wiki nzima anashindwa kuigeuza filamu moja iwe faili la sinema. Kompyuta inaitengeneza picha moja moja, jana imedai saa sita, leo thelathini, na onyesho ni Jumamosi, Tororo.

Obore mwenyewe alikaa mlangoni, mkongojo magotini. Filamu inamhusu yeye, dereva wa bodaboda wa Molo, karibu na Tororo, aliyesingiziwa wizi wa pikipiki, umati ukamponda mguu sokoni. Mwizi halisi alishapatikana, lakini wakwe zake mpaka leo wanamwita mwizi. Jumamosi walikuwa waje kuona kwa macho yao.

"Ndugu yangu, kula," alisema, akimsogezea chapati. "Hapana sumbuka roho. Mi nangoja tu."

Swabur alishindwa kumtazama.

Marion, mtengenezaji wa filamu hiyo, alivuka kutoka upande wa Kenya uso umekunjamana. "Shida iko wapi?"

"Ile sehemu ya sokoni," Swabur alisema. "Watu wengi, vumbi jingi, mashine inaelemewa. Tuikate."

"Tuikate? Nimemsihi mwenye duka la pale sokoni miezi mingapi anipe hiyo video aliyorekodi kwa simu yake siku yenyewe! Bila hiyo hakuna filamu."

"Basi tupunguze ukubwa wa picha. Itakwenda haraka."

"Halafu kwenye skrini ya sinema waone ukungu?"

Marion aliinama chini ya meza, akaufuata waya kwa kidole. Alipoinuka alisema polepole, Obore asisikie. "Filamu inasomwa kutoka kwenye flashi ya zamani, ndiyo maana inajikokota. Diski mpya niliyokuletea iko kwenye droo. Fundi kama wewe, Swabur?"

Masikio yalimwaka moto. "Nilisahau," akasema.

Marion akahamishia kila kitu kwenye diski mpya, akakaa hapo hapo mpaka kazi ikaisha. Obore alimshika Swabur mikono yote miwili, akashukuru mpaka machozi yakamlengalenga. Swabur akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jumamosi ukumbi wa Tororo ulifurika. Swabur alijibanza nyuma karibu na mlango, lakini Obore alimwona, akamvuta hadi mstari wa mbele, akamkalisha kati yake na wakwe.

"Huyu ndiye alihangaika kwa ajili yangu," akawaambia, na taa zilipozimwa alikuwa bado amemshika mkono.

Soko likatanda skrini nzima. Watu ambao kwenye simu walikuwa nukta tu, sasa kila mmoja alikuwa mkubwa kuliko mlango, na sura yake wazi.

Obore aliuachia ule mkono taratibu. Pale kwenye skrini, aliyeinua jiwe kuuponda mguu wake alikuwa Swabur.