Glavu ya Kulia

Fundi wa baiskeli Twahir alikuwa ameshafua glavu ya kushoto ya mshindi. Upande wa pili wa ua wa hoteli, hapa Gisenyi, kocha alikuwa akimsubiri daktari aje na vichupa vya mkojo.

Asubuhi kulikuwa na mbio za baiskeli za kuchagua timu, kila mtu akipanda mlima peke yake katika ukungu. Yule kijana wa Busasamana, ambaye mwaka jana alikuwa bado akibeba viazi kwa baiskeli, aliwashinda wote kwa dakika tatu. Tangu hapo watu walisema neno moja tu: sindano.

“Bon, wanipime,” alisema mwenyewe, akicheka. “Damu, mukojo, yote. Mzee Twahir, mi hata dawa ya kichwa sijameza.”

“Nakuamini,” Twahir akajibu, na alimwamini kweli.

Kisha akaigeuza glavu ya kulia. Kiganjani mlikuwa na mstari mpana wa kutu na masizi, alama ya chuma cha nyuma ya lori, kile ambacho wabeba viazi hukishika mlimani ili wavutwe.

Kicheko cha kijana kilikatika.

“Twahir, umemaliza?” kocha aliita.

Twahir akafunga maji.

“Iko moja bado, kocha. Nitaifua kesho.”

Akaitia mfukoni, kavu, pamoja na alama yake.