Chura wa Papa Augustin

Sufuria ilikuwa inachemka tayari Alexis alipoingiza mkono kwenye beseni la maabara na kumkamata chura mguu.

"Aï! Ananichana!"

"Eh, ana kucha," alisema Papa Augustin, mpimaji wa maabara. "Na ulimi hana. Ukoo wake ni wa zamani kabisa. Wazungu wameuandika peke yake kwenye kitabu: Pipidae. Babu zake walikuwa wanaogelea wakati mto huu haujapata jina!"

"Bon, leo tutakula Pipidae," akasema Constant.

Ilikuwa 1964. Waasi wa Simba walikuwa wameshika Kisangani, daktari alikuwa amekimbia, na wapiganaji wao sita hapa hospitalini, Alexis na Constant wakiwemo, walikuwa na njaa. Masikini Augustin! Hospitali nzima ilibakiwa na chura huyo mmoja, na yeye alimpenda kuliko mashemeji zake wote.

"Musimuuwe! Anapima mimba! Unamudunga mukojo ya mama. Kama mama iko na mimba, chura anataga."

Wote wakamgeukia Kamanda Tonnerre. Walimheshimu sana. Dawa ya Simba, ile ya kuzuia risasi, inakataza kugusa wanawake, na Tonnerre aliishika barabara, hata kuoga alikuwa akioga peke yake.

"Nipe chupa," alisema kamanda. "Nitaleta mukojo ya mama moja hapa jirani. Chura akisema uongo, anaingia mu sufuria. Na weye unamufuata."

Akatoka, akarudi upesi mno. Wapiganaji waliokuwa dirishani wakaziba midomo wasicheke. Augustin, kwa woga wake, hakuona kitu.

Asubuhi hiyo hiyo akamdunga chura, akakaa kando ya beseni. Alasiri likatoka yai moja. Kisha kumi. Kisha beseni zima!

"Iko na mimba!" Augustin aliruka juu. "Félicitations kwa mama!"

Wapiganaji wakaangua kicheko mpaka chini. "Mama gani, papa? Mukojo ni ya kamanda! Tulimuona anaingia mu choo na chupa!"

Alexis na Constant tu ndio hawakucheka.

"Wote inje," alisema kamanda.

Mlango ukafungwa. Augustin akamkumbatia chura wake, akangojea kufa.

Kamanda alivua kofia, akakaa chini polepole.

"Papa," akanong'ona, "huyu chura yako anaweza pia kuniambia kama baba ya mutoto ni Alexis ao ni Constant?"