Kura Isipotee

Walipohesabu mara ya tatu, kura moja ilibaki palepale. Wakili Baptiste wa chama cha Usukani alikuwa amemshinda Claris Noel kwa kura hiyo moja. Msimamizi wa uchaguzi alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema yeye hahesabu tena.

Lennard, kaka yake Claris na wakala wake, aling'ang'ania ukingo wa dawati la shule. Wangeshindwa kwa mia mbili angelala usingizi, lakini moja?

"Twende kwa hakimu," alisema.

"Hakimu atahesabu karatasi zilezile, Len." Claris alijibu.

Nje, wanawake wa kituo cha kungumanga walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa shule, bado wamefunga aproni zao. Kwao uchaguzi mzima ulikuwa jambo moja tu: lile jengo la mbao ambamo mama zao na bibi zao walichambua kungumanga, na ambalo sasa mwekezaji alilitaka ajenge hoteli. Chama cha Mnara kilitangaza waziwazi kwamba kitaliuza mara moja. Usukani walisema, "Tutalitazama," na huku Grenada kila mtu anajua "tutalitazama" ya wanasiasa huishia wapi. Waliokataa kabisa ni Shelisheli, chama kidogo cha Claris, mchambuzi mwenzao.

Tatizo lilikuwa huo udogo. Uchaguzi uliopita Shelisheli walipata kura si haba kisiwa kizima, lakini zilitawanyika, huku kidogo na kule kidogo, wasiambulie hata kiti kimoja bungeni. Lennard aliwahi kuendesha tingatinga Guyana miaka mingi, na habari za huko aliwasimulia watu mpaka wakamkimbia. Kule, alisema, kura zote humiminwa katika chungu kimoja, kila chama kikapakuliwa viti kulingana na kura zake. Hata mdogo hupata kijiko chake, na wakubwa hulazimika kumbembeleza.

"Na hapa? Anayetangulia jimboni, hata kwa unywele, anabeba chungu, sufuria na mwiko. Nyinyi wengine lambeni vidole."

Ndiyo maana kila mlango waliobisha wakati wa kampeni uliwajibu wimbo uleule. Tunakupenda, Bi Claris. Wewe ni wetu. Lakini tukikupa wewe, Mnara atapenya katikati. Kura isipotee.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema Ferdie, mwenye duka la ramu, huku akimmiminia mteja. "Usukani watatuuza mwakani. Mnara watatuuza kesho. Mimi nachagua mwakani."

Lennard alimpasha palepale, wateja wakisikia. "Wewe Ferdie huwaogopi Mnara. Unamwogopa jirani yako. Naye anakuogopa wewe. Mmekaa mnachunguliana kama kuku wageni, na kila mmoja moyoni anamtaka Claris!"

Wateja walicheka. Claris hakucheka. Aliitazama sakafu ya duka, na walipotoka alimwambia kaka yake kwamba Ferdie si mjinga.

Asubuhi ya kupiga kura redio ilisema Shelisheli watakuwa wa tatu jimboni, kama kawaida yao. Claris aliizima. Chai yake ya kakao ilipoa mezani bila kuguswa.

"Mnara wakiingia, tingatinga liko mlangoni kabla ya Jumapili," alisema.

"Hawaingii," Lennard akajibu, ingawa mwenyewe hakuamini.

Katika kibanda cha kupigia kura Claris alikawia mpaka karani akakohoa. Alitoka kidole kikiwa na wino na macho yamelowa. Lennard alimkumbuka mama yao, aliyefia kazini kwenye kituo cha kungumanga. Alimshika dada yake bega na hakumuuliza kitu.

Kumbe watu walikuwa wamemsikia Lennard. Mnara waliburura mkia, wa tatu, tena kwa mbali. Kilichobaki ni Usukani na Shelisheli, na ile kura moja.

Gari la wakili Baptiste lilipita mbele ya shule likipiga honi. Mama mmoja alisimama ukutani akapaza sauti, "Na jengo letu, wakili?"

"Tutalitazama!" Baptiste akapunga mkono bila kusimama.

Mama yule akaketi. Kuona hivyo, Lennard alimwendea Ferdie, akamkunja shati.

"Nitazame usoni. Ulimpa nani?"

"Nilimpa dada yako."

"Wewe? Bwana nusu shari?"

"Uliniumbua mbele ya wateja, Len. Niliona haya. Naapa kwa kaburi la mama yangu, nilimpa Claris, na mke wangu akampa."

"Na mimi," alisema mama wa ukutani. "Na mimi," akasema aliyemfuata, na mwingine, na mwingine, mpaka Lennard akaona anataniwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako! Kati yetu hapa yupo aliyempa Baptiste kile kiti. Mmoja tu angebadili, tungeshinda sisi. Nani?" Alimtikisa Ferdie mpaka kofia ikaanguka. "Sema, mwoga wee!"

"Mwache, Len."

Claris alikuwa amekaa kwenye ngazi ya shule, kidole chenye wino amekificha ndani ya mfuko wa aproni.

"Nimwache? Huyu ametuuza!"

"Mwache Ferdie wa watu," alisema Claris. "Redio ilisema tutakuwa wa tatu. Nami sikutaka kura yangu ipotee."