Ukame wa Mtaa wa Juu

Kwenye sherehe ya kumuaga mhandisi mkuu wa maji, wageni walinawa mikono kwa maji ya chupa, na hakuna aliyethubutu kucheka kwa sauti.

Ofisi ya maji ilikuwa mtaa wa juu, na mtaa wa juu haukuwa na maji. Huo ulikuwa mwaka wa tisa. Mabomba yalikuwepo, mita zilikuwepo, na kila mita ilikuwa na kifuniko chake kizuri cha bluu. Kilichotoka bombani kilikuwa upepo na, siku za bahati, mjusi.

Mhandisi mwenyewe hakuona haya. Alishalieleza jambo hilo kitaalamu, katika ripoti kumi na nne zenye michoro ya rangi. Ripoti ya kwanza ililaumu mvua. Mvua zikanyesha mpaka bwawa likafurika, basi ya pili ikalilaumu bwawa. Zilizofuata zililaumu jua, kutu, mizizi ya miti na watu wanaozaa ovyo. Kazini wakampa jina la Bwana Ripoti, naye akadhani ni sifa.

"Mimi nina nyota mbaya tu," alizoea kumwambia mkewe. "Wiki ile ile niliyokabidhiwa ofisi, mtaa ukakauka. Angekuwa mtu mwingine angeshapata presha."

"Presha nimeipata mimi," mkewe alijibu, ndoo ikiwa kichwani.

Lawama zilimfuata kila alikokwenda. Kinyozi alimnyoa upande mmoja, akasimama na mashine mkononi kumuuliza maji yatatoka lini. Msibani, mjane aliacha kulia akamuuliza hilo hilo. Ndipo Bwana Ripoti alipojiandikisha masomo ya jioni ya uhandisi wa usafirishaji. Barabara zina heshima, alisema. Foleni ikikwama, watu humtukana dereva aliye mbele yao, hawamkumbuki mhandisi.

Akafaulu, akapewa cheo ofisi ya barabara. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba aliyeletwa kukalia kiti chake cha zamani alikuwa mhandisi kijana wa kike, katoka huko huko barabarani, naye kabadilisha fani.

"Binti, umeokota kaa la moto," alimwambia siku ya makabidhiano, akimbebesha ripoti zote kumi na nne. "Soma hizi kwanza. Usiguse chochote kabla hujazielewa."

"Sawa, mzee. Ramani ya bomba kuu ipo?"

"Ramani ya nini? Nimekwambia tatizo liko angani."

Wiki mbili baadaye, karani wa ofisi ya maji alimpigia simu. Alikuwa na umbea wa kupasuka nao.

"Bosi, huyu binti anatembea."

"Anatembea vipi?"

"Kwa miguu! Anafuata bomba kutoka bwawani, hatua kwa hatua, na viatu vya matope. Kila chemba anaifunua, anachungulia."

Bwana Ripoti alicheka mpaka akashika meza. Akawasimulia wenzake wapya, nao wakacheka, maana ni bosi. "Mtu wa lami huyo," alisema akijifuta machozi. "Kazoea kutafuta mashimo. Anadhani maji yamepotea njia."

Siku ya kumi na saba, maji yalitoka.

Yalitoka kwa kishindo, mtaa mzima kwa mpigo, kwenye nyumba ambazo watu walishasahau bomba lipi liliachwa wazi. Mkewe alimpigia simu akicheka na kulia kwa pamoja. "Mume wangu, maji! Yameingia mpaka sebuleni! Mazulia yanaelea, na nayaacha yaelee!"

"Hongera," alijibu, akakata simu.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na kikao cha pamoja cha watu wa maji na watu wa barabara. Yule binti alipoingia, chumba kizima kilisimama kumpigia makofi. Mkurugenzi wa barabara alijuta waziwazi kumwachia aondoke. Bwana Ripoti alivumilia alivyoweza, kisha akanyoosha mkono.

"Makofi baadaye," alisema. "Mtaalamu hueleza chanzo. Ilikuwa nini?"

Binti alitazama viatu vyake. "Koki ya bomba kuu, mzee. Ilikuwa imefungwa. Tumeifungua."

Bwana Ripoti alihisi damu ikimpanda, na nyuma yake furaha kubwa. Kumbe hakuwa na kosa! Kumbe muda wote huo alikuwa anahujumiwa!

"Imefungwa?" alifoka. "Miaka tisa natukanwa mpaka misibani, kumbe kuna mshenzi kafunga koki? Nani?"

"Mzee, naomba tuzungumze nje."

"Nje kwa nini? Hapa hapa, mbele ya mkurugenzi! Mtu huyo atajwe, afukuzwe kazi, akamatwe!"

"Mwenzetu ana haki," mkurugenzi alisema. "Kama unamjua, mtaje."

Binti akashusha pumzi. Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, imekuwa ya njano kwa ukale.

"Ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye koki," alisema. "Haina jina. Ina sahihi tu."

"Soma!" Bwana Ripoti aliamuru.

Akasoma taratibu, bila kumtazama mtu.

"'Nimefunga mara moja nikague. Msiguse. Nitafungua mwenyewe nikitoka kula.'"

Kisha akamsogezea karatasi ile mezani. "Sahihi ni yako, mzee."