Kifaa cha Sikio cha Bi Mwanamvua

Sheria ilikataza mtu kufungua chombo chochote cha umeme kabla hajakiunda kwanza kwenye Uwanja, programu ya serikali inayoiga saketi, na Uwanja ukaridhia.

Kifaa cha sikio cha Bi Mwanamvua, kilichomsaidia kusikia, kilikuwa kikimaliza betri kabla ya adhuhuri. Basi mkaza mwanawe, Riziki, akaketi karibu naye, akapanga betri, rezista na kapasita kwenye skrini. Huko Uwanjani betri ikadumu wiki nzima.

Riziki akaingiwa na shaka. Kwa kubahatisha akaongeza kijenzi kimoja, kinasa sauti kinachorusha maneno nje, na betri ikaisha upesi kama ile ya kweli. Papo hapo kijenzi kikafutika. Akakirudisha, kikafutika tena, na maandishi yakatokea: "Kifaa ni kizima. Usikifungue."

"Mama," alinong'ona, "naona hiki kitu..."

Bi Mwanamvua akamziba mdomo kwa kiganja. Akachomoa kifaa sikioni, akakifukia ndani ya debe la unga na kulifunika.

"Ulidhani kwa nini siku hizi nasifu kila kitu, mwanangu?"

Riziki akakumbuka sifa zote alizomiminiwa na mkwewe tangu aolewe, asijue ipi ilikuwa ya kweli.