Kikapu cha Theopista

Padre alipozinyunyizia mbegu zetu maji ya baraka, hapa kigangoni Ilembo, mahindi yaliyolowa kwenye kikapu changu yakaanza kutoa rangi.

Nikaingiza kidole. Kikatoka na pinki, ile ya dawa ya mbegu za dukani.

Mbegu yetu ya asili aliniachia marehemu mume wangu. Msimu uliopita nilimpa jirani yangu Theopista yote aipande, maana shamba lake liko bondeni na langu lilikauka. Asubuhi hii amenirudishia kikapu kimejaa.

"Zile zile, dada," alisema. "Nimezilea kuliko wanangu." Tukacheka.

Kumbe alinunua za dukani, akaziosha dawa.

"Zetu ziko wapi?" nikamnong'oneza Theopista, aliyekaa kando yangu.

"Tulizila zote. Nyamaza basi, tuko mbele za Mungu."

Mama Angela wa kikundi chetu, kikundi tulichoapa kutotia sumu shambani, akaja akitandaza kanga. "Nigawie na mimi, mama, nikapande leo leo."

Theopista akanibana mkono, macho yake yakiwa altareni.

Nikauchomoa mkono wangu. Nikamwekea kikapu mapajani.

"Mgawie wewe," nikasema. "Na umwambie ni mbegu gani."