Kamba ya Godoro

"Mama, ile kamba uliyoifunga kwenye kigingi cha hema ilikuwa ya nini? Mafundo matatu, utadhani unafunga ng'ombe!"

Mkwe wangu alikuwa anahamisha hema kufuata kivuli. Kigingi kilikuwa mkononi mwake, ncha yake ikingali na udongo mbichi.

"Kamba yenyewe iko wapi?" niliuliza.

"Nimeifungua. Ilikuwa inanitatiza."

Niligeuka. Mjukuu wangu Kidoti nilimlaza mwenyewe kwenye godoro la upepo, kando kabisa ya ziwa, maji ya magoti, nikalifunga godoro kwa kamba ile. Sasa godoro lilikuwa limeshapita matete, linaelea taratibu kuelekea katikati ya ziwa. Kidoti amelala kifudifudi, vidole vinaburuzika majini.

Binti yangu alifungua kinywa kumwita mwanawe. Nikamziba kwa kiganja.

"Nyamaza, mwanangu. Akishtuka atageuka, na akigeuka ni majini."

Hakukuwa na hata mmoja wetu ajuaye kuogelea. Mkwe wangu aliingia maji ya kifua, akakwama hapo. Akavua shati, akampungia mwenye boti kule ng'ambo, bila sauti, mpaka yule mtu akamwona.

Nikashusha pumzi. Pumzi ya binti yangu ilikuwa bado inanichoma kiganjani.

Ndipo kule ng'ambo injini ya boti ikanguruma, msitu mzima ukaitikia.

Kidoti akainua kichwa, akageuka kututafuta.